Chungwa la Siku ya Tano

Ua la Anti Edna lilikufa mwezi wa tatu, na kila aliyewahi kukaa kwenye kochi lililo karibu nalo alijua kilicholiua. Lilikuwa ua kubwa la majani mapana, limesimama pembeni ya televisheni katika fleti yao ya Laurel, Marekani, kwa miaka sita. Lilivumilia kiyoyozi, likavumilia hita, likavumilia watoto wa wageni. Kinywaji cha mumewe, Mjomba Laurean, ndicho kilicholishinda.

Wageni walikuwa na utaratibu wao. Mjomba akigeuka kwenda jikoni kuleta chupa nyingine, bilauri zilielekea kwenye chungu cha ua. Akirudi, anakuta bilauri tupu na watu wanajifuta midomo.

"Tamu sana, mzee."

"Ya leo umeiweza, Baba Jackie."

Naye anatabasamu na kumimina tena.

Mimi nilihamia kwao mwezi wa tano, siku mbili baada ya kuhitimu chuo. Nilikuwa na digrii ya sayansi ya chakula, masanduku mawili, na imani kwamba dunia inawahitaji sana watu wanaojua kwa nini maziwa huganda. Baba yangu ni Mkurya, ndiye aliyenipa jina la Ghati. Mama yangu ni Mchaga, dada yake Mjomba Laurean, kwa hiyo nyumba ile ilikuwa yangu bila kuomba. Asubuhi nilituma maombi ya kazi. Jioni nilikuwa msaidizi wa Mjomba.

Mjomba hakuwa mlevi. Kwa wiki alikunywa bilauri mbili, tena zile ndogo. Alichopenda ni kutengeneza. Babu yetu kule Kibosho alipika gongo iliyojulikana mpaka kijiji cha tatu, na Mjomba alirithi mkono huo, lakini hapa Marekani alijiwekea mpaka.

"Kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake nyumbani ni kosa kwa sheria za serikali kuu," aliniambia wiki yangu ya kwanza, akinyoosha kidole juu kama padre. "Na mimi kazi yangu ni kulinda mlango wa jengo la serikali kuu. Nikikamatwa na mtambo, watanitoa kwa mlango huohuo ninaoulinda."

Basi alinunua vodka ya kawaida dukani, isiyo na harufu wala ladha, akaloweka vitu ndani yake: maganda ya chungwa, iliki, tangawizi, ukwaju, karafuu. Mitungi yake ya vioo ilipangwa kwenye kijichumba cha mashine ya kufulia, mbali kidogo na tangi la maji ya moto. Kila alfajiri kabla ya kuwahi treni aliitikisa mmoja mmoja, akachungulia rangi, akaandika kitu kwenye daftari. Ikifika siku yake alichuja kwa karatasi za kahawa, tone kwa tone, huku akipiga mluzi.

Waliomfahamu zamani waliapa kwamba chupa zake zilikuwa za ajabu. Ile ya chungwa na iliki aliitengeneza mara ya kwanza Jacqueline, binti yake wa pekee, alipopata kipaimara, na watu waliomba wabebe kwenye chupa za maji. Kisha, kama miaka mitatu iliyopita, kitu kiliharibika. Hakuna aliyejua ni nini. Na hakuna aliyesema, kwa sababu Laurean ni mtu mzima, ni mkarimu, na anakumiminia kwa mikono miwili.

Mara ya kwanza aliponipa nionje, ulimi ulikufa ganzi, ikafuata midomo, kisha masikio yakaanza kuwaka moto. Niliyatafuta maneno niliyofundishwa darasani kuhusu ladha. Yote yalinikimbia.

"Vipi, mama?" aliuliza, macho yanang'aa.

"Tamu sana, Mjomba," nikasema.

* * *

Jumapili moja Jacqueline alinichukua kwa gari mpaka Riverdale Park tukaone ukumbi aliokodi kwa ajili ya send-off yake. Alikuwa anaolewa na Ajamu, Mmarekani mweusi anayefundisha historia sekondari, ambaye alisoma Kiswahili chuoni miaka minne na kukiongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Ukumbi ulikuwa mzuri, una madirisha makubwa. Jacqueline hakuyaona madirisha.

"Baba amesema atatengeneza lita kumi na mbili," alisema. "Twelve, Ghati! Anataka azimimine mwenyewe, meza kwa meza, mbele ya wakwe."

"Ni heshima kwao."

"Heshima gani? Bibi yake Ajamu ana miaka themanini na mbili. Ataonja ile kitu aanguke. Na hawa watu hawajui kudanganya kama sisi. Mmoja akitema tu, Baba amekwisha. Unamjua. Hatashika mtungi tena."

Hapo nikaelewa kwamba haogopi aibu yake mwenyewe.

"Nimefikiria," akaendelea. "Tununue za dukani. Usiku ule tunamwaga zake, tunajaza hizo kwenye chupa zake. I'll pay. Wewe unakaa naye, unajua anapoweka chupa zake."

"Hapana."

"Ghati, please."

"Atasimama mbele ya watu wote akijivunia kitu ambacho si chake, na sisi tutakuwa tunamwangalia. Hapana, dada. Aambiwe ukweli."

"Haya, mwambie wewe."

Mpwa wa miaka ishirini na tatu, anayelala nyumbani kwa mjomba wake na kula ugali wake, amwambie kwamba mikono yake imeharibika? Nilijua sentensi ya kwanza tu: Shikamoo Mjomba. Baada ya hapo sikujua.

Kisha nikakumbuka. "Elisante!"

Jacqueline aligeuka. "Mtani wake?"

Mzee Elisante ni Mpare, fundi wa mitandao ya kompyuta anayeishi Falls Church. Kila Jumamosi huzunguka nusu ya barabara ya mzunguko ya Beltway kuja Laurel kumtukana Mjomba, na Mjomba humtukana pia, kisha wanakula pamoja. Mchaga na Mpare ni watani; wanaweza kuambiana lolote, hata msibani, wala pasiwe na anayekasirika. Katika watu wote tunaowajua, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na leseni.

Nilimpigia palepale. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi ndefu.

"Miaka mitatu nimekuwa nikisubiri mtu aniombe," akasema.

* * *

Jumamosi hiyo tulikuwa watano sebuleni: Mjomba, Anti Edna, Jacqueline, Mzee Elisante na mimi. Mjomba alimimina. Mzee Elisante hakuitazama nafasi lilipokuwa ua. Alikunywa yote, akasimama, akaweka bilauri mezani taratibu.

"Laurean."

"Sema, Mpare."

"Hiki ulichonipa ni cha kunywa au cha kung'olea jino?"

Mjomba alianza kucheka kabla sentensi haijaisha.

"Nauliza kwa sababu ulimi siusikii. Edna, shemeji yangu, hebu nitazamie. Upo?"

"Upo," alisema Anti Edna. "Bahati mbaya."

"Basi niutumie kabla haujadondoka. Laurean, kinywaji chako ni kibaya. Nasema kweli. Kimekuwa kibaya miaka mitatu sasa. Watu hawanywi, wanamwaga. Mimi mwenyewe nimemwaga."

"Mpare amemwaga kitu cha bure!" Mjomba alipiga goti. "Edna, funga madirisha, dunia imefika mwisho!"

"Laurean, naapa."

"Nenda ukaape mahakamani, ndiko mnakopenda! Huyu babu yake aliuza ng'ombe kuendesha kesi ya kuku."

"Na wewe ukizimia leo hawataita daktari, watatikisa sarafu sikioni! Nisikilize, ndugu yangu. Kibaya. Ki-ba-ya."

Mjomba alilia kwa kicheko. Alitoa leso, akajifuta, akamkumbatia Mzee Elisante, akamjazia bilauri. Hata Jacqueline alicheka, ingawa alikuwa anauma kucha.

Nilimsindikiza Mzee Elisante mpaka kwenye gari. Alisimama na ufunguo mkononi, mabega yameshuka.

"Nimeshindwa, binti yangu. Miaka thelathini nimemwambia uongo kwa utani. Leo nimemletea ukweli, hana pa kuuweka."

Nilipanda ngazi kurudi. Mjomba alikuwa ameshafungua mtungi mwingine.

"Umemsikia?" aliniuliza kwa furaha. "Elisante akinyamaza ndiyo ujue kitu hakijamkolea. Akitukana hivi, kimemwingia. Niletee karafuu, mama. Hii ya send-off tuiongeze nguvu."

* * *

Siku kumi na mbili kabla ya send-off, tulikuwa wawili kwenye kijichumba cha kufulia. Anti Edna alikuwa kazini hospitali. Mjomba aliinua mtungi wa sharubati ya ndizi aliyoipika wiki mbili nyuma ili aje kuongezea utamu, ambao kwa bahati mbaya alikuwa ameuegemeza kwenye tangi la maji ya moto. Akafungua kifuniko.

Nilirudi nyuma mpaka nikagonga mashine. Harufu ilikuwa ya kitu kilichokufa na kufufuka vibaya. Macho yalinitoka machozi.

Mjomba alikuwa ameinama juu ya mtungi, pua karibu iguse sharubati. Akavuta pumzi ndefu, akafumba macho.

"Aaah," akasema. "Inakwenda vizuri."

Kwanza nilidhani ananitania. Nikamtazama. Hakuwa anatania. Ghafla nikaviona vyote kwa mstari, kama mtu aliyewasha taa: tangawizi, pilipili kichaa, karafuu thelathini kwenye lita moja. Vyote ni vitu vinavyouma. Vyote mtu huvisikia kwenye ulimi na kooni hata pua ikiwa imefungwa. Alikuwa anaongeza mpaka asikie kitu. Nikakumbuka na maziwa yaliyoungua wiki iliyopita, Mjomba amesimama kando ya jiko anasoma gazeti kwenye simu, nami nikikimbia kutoka chumbani.

"Mjomba," nikasema. Sikuwa nimepanga. "Tangu lini hunusi?"

Alifunga kifuniko. Alikikaza kuliko ilivyohitajika. Kisha akaketi juu ya ndoo ya sabuni, magoti yamepanda juu kama mtoto.

"Edna karudi?"

"Bado."

"Tangu Korona," alisema. "Ule ugonjwa ulionilaza siku kumi. Vingine vyote vilirudi, hiki hakikurudi. Daktari akanipa vichupa vya kunusa asubuhi na jioni. Waridi, limau, mkaratusi, karafuu. Nimenusa mwaka mzima, Ghati. Ni kama kupiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme ili iweje? Wangesema pole, Baba Jackie, pumzika. Mimi nchi hii imenipumzisha mengi. Kule nilikuwa mwalimu mkuu, hapa nafungua mlango. Kitu pekee watu wanachonifuatia ni hiki." Aligusa mtungi kwa kidole cha mguu. "Halafu nikaona hakuna haja. Nina daftari, mikono inakumbuka, na wao wanasema tamu. Si wanasema tamu?"

Aliniangalia usoni. Hapo ningeweza bado kumwokoa na kumzamisha kwa neno lilelile la siku zote.

"Hawasemi kweli, Mjomba."

"Nani?"

"Wote."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Na mimi ndiye mbaya kuliko wote, nimesomea."

Mashine ilikuwa inazungusha nguo. Tuliisikiliza.

"Ua la Edna," akasema mwishowe.

Niliinamisha kichwa.

"Nililibadilishia udongo mara mbili. Nilidhani ni hita." Akautazama mtungi. "Kwa hiyo Elisante Jumamosi ile..."

"Alikuwa anasema kweli."

"Mpare yule," alisema polepole. "Mara moja katika maisha yake, na mimi nikacheka."

Aliinuka, akachukua funguo, akashuka. Kupitia dirishani nilimwona amekaa ndani ya gari lake lililoegeshwa, mikono kwenye usukani, haendi popote.

* * *

Siku mbili hakuitikisa mitungi. Aliamka, akanywa chai, akaenda kwenye treni, akarudi, akatazama mpira. Jacqueline alinipigia simu.

"Umemfanya nini Baba? Ameniambia niagize vinywaji dukani. Amesema tu, agizeni. Ghati, nilitaka hivyo na sasa sitaki tena."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimeamini maisha yangu yote kwamba ukweli ukisemwa kwa upendo hauvunji kitu. Sasa kitu kilikuwa kimevunjika, kimekaa kwenye kochi kinatazama mpira na sauti imezimwa.

Kesho yake nilinunua machungwa ishirini. Nikamenya maganda membamba, bila ile nyama nyeupe inayotia uchungu, nikaweka kwenye mtungi msafi, ule mkubwa kuliko yote, na vodka juu yake. Nilifuata daftari lake, ukurasa wa zamani, wa mwaka wa kipaimara. Daftari lilisema: *chungwa, mpaka lifike.* Lifike wapi, halikusema.

Siku ya tatu ya kuloweka nilibeba mtungi mpaka sebuleni, nikasimama kati yake na televisheni.

"Mjomba, nitoe maganda?"

"Sijui. Sina pua."

"Mimi ninayo. Ila haijui kitu."

Alijaribu kuchungulia mpira kupitia kwapani kwangu. Sikusogea.

"Inanuka nini?" akauliza, bila hamu.

"Chungwa."

"Chungwa si jibu. Chungwa lipi? Lililomenywa sasa hivi? La kwenye mfuko wa mtoto wa shule? La juisi ya hospitali?"

Nilifungua, nikanusa tena, nikafumba macho. "Lililomenywa sasa hivi. Mpaka yale majimaji yanayorukia jichoni."

"Bado. Rudisha."

Siku ya nne aliniuliza mwenyewe nilipopita na kikapu cha nguo. Nikamwambia linanuka kama la jana, lakini limepoa, kama mtu aliyemaliza kugombana. Aliguna. Nadhani ilikuwa kicheko.

Siku ya tano nilifungua mtungi na kusita. Ile harufu kali ilikuwa imekwenda. Badala yake palikuwa na kitu cha joto, kikavu, kizito.

"Mjomba! Ni kama... ni kama sanduku la vitenge vya Mama. Vile vya harusi, asivyovivaa."

Alikuwa jikoni. Nilisikia kijiko kikianguka.

"Vina nondo au havina?"

"Nini?"

"Hivyo vitenge! Unasikia dawa ya nondo kwa mbali, au vitenge vitupu?"

"Vitupu!"

"Toa! Toa sasa hivi! Kesho ni dawa ya nondo, hutaweza kukirudisha!"

Alikuja mbio, mikono ina unga. Tulichuja wote wawili, yeye ameshika karatasi ya kahawa, mimi nainamisha mtungi, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie nyumba ile nilinusa kwa nini watu waliomba wabebe kwenye chupa za maji. Nilimweleza. Alitaka zaidi. Nilipokosa neno, alinipa matatu nichague.

"Karafuu ngapi kwa lita?" nikauliza.

"Tatu. Na zilale humo usiku mmoja tu."

"Ulikuwa unaweka thelathini, Mjomba."

Alinitazama, akatikisa kichwa, akacheka mpaka akashika ukuta. "Thelathini! Na bado mlikuja kila Jumamosi! Mnanipenda, nyie watu."

Iliki aliniachia mimi. Nilizitwanga, nikanusa, nikaongeza, nikanusa tena. Harufu yake ni ya chai ya nyumbani kwetu, na niliongeza nyingine.

* * *

Ukumbi ulijaa. Upande mmoja akina mama wa kamati ya sherehe wamevaa sare ya kijani, upande mwingine ukoo wa Ajamu, wamependeza, wanapiga picha kila kitu. Chupa kumi na mbili zilisimama kwenye meza ya mbele, na niliona wageni wetu wa Jumamosi wakizitazama kama watu wanaotazama sindano. Jacqueline, katika gauni lake la dhahabu, alinibana mkono mpaka pete ikaniumiza.

Mjomba alimimina meza kwa meza, kwa mikono miwili. Kisha akachukua kipaza sauti. Nilidhani atashukuru, atawatakia heri, watu wanywe. Kinywaji kilikuwa kizuri. Angeweza kuketi na siri yake na pasiwe na yeyote wa kujua.

"Ndugu zangu, na wakwe zetu," alisema. "Mimi sinusi."

Watu wakacheka. Ajamu akawatafsiria wake, nao wakacheka kidogo, kwa adabu.

"Sitanii. Pua yangu ilikufa miaka mitatu iliyopita. Chungwa na kiatu kwangu ni kimoja. Nimewamiminia vitu, mmekunywa," akatulia, "au mmemwaga, mkaniambia tamu. Siwalaumu. Mmenibeba kama yai. Lakini mtu asiye na pua, wenye pua wakimdanganya, amebaki na nini? Hiki cha leo nimetengeneza na mpwa wangu Ghati. Yeye pua, mimi mdomo. Onjeni. Kisha mniambie kweli."

Watu walionja. Akina mama wa kamati walitazama dari. Mzee Elisante akainuka nusu, akafungua mdomo.

"Wewe kaa," alisema Mjomba. "Siku yako ilipita."

Hakuna aliyesema. Niliuona uso wa Mjomba ukianza kujifunga, kifuniko kinakazwa tena.

Ajamu akasimama. Alivuta koti lake, akaweka mikono mbele.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

"Ninaomba ruhusa ya kusema. Kinywaji hiki ni kizuri mno. Harufu yake inapendeza." Akaitazama bilauri yake mezani. "Hata hivyo, kwa maoni yangu, iliki imezidi kidogo. Imelifunika chungwa."

Pumzi za watu mia moja na ishirini zilikatika. Bwana harusi, siku ya send-off, anamkosoa baba mkwe mbele ya watu wote! Jacqueline alijifunika uso kwa kitambaa cha meza.

"Daddy, hakumaanisha..."

"Nyamaza, Jackie." Mjomba alisogea hatua moja kuelekea kwa Ajamu. "Imelifunika kabisa, au chungwa linachungulia?"

Ajamu alifikiri. Alionja tena, kwa makini, kama mtu aliye kwenye mtihani. "Linachungulia, Baba."

"Ghati!" Mjomba aligeuka. "Iliki imezidi?"

Ukumbi mzima ulinitazama.

"Imezidi, Mjomba," nikasema.

"Ulijua?"

"Niligundua jana."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona umefurahi."

Mjomba aliufungulia mkono ukumbi, kama mwanasheria aliyemaliza kesi. "Mnaona? Ugonjwa wenyewe ndio huo!"

Kicheko kilipasuka kutoka kila upande, na baada yake hapakuwa na wa kuwazuia. Mama mmoja wa kamati alisimama kukiri kwamba ile ya ukwaju ya Krismasi aliisafishia sinki, ikasafisha vizuri. Mwingine alisema mumewe alipoteza sauti siku mbili na nyumba ikawa na amani. Mzee Elisante alikuwa anapiga meza akidai haki yake, kwamba aliyasema haya kwanza na yupo shahidi, na Mjomba akamjibu ampeleke mahakamani. Anti Edna alikuwa anafuta machozi, sijui ya aina gani. Mjomba alipokea kila tusi kama mtu anayepokea zawadi, akaenda mpaka kwa Ajamu, akamkumbatia, akamshika kichwa kwa mikono miwili.

"Huyu," aliwaambia watu, "ndiye mkwe."

Bibi yake Ajamu alikuwa meza ya kwanza, kofia ya zambarau kichwani, bilauri yake imebaki nusu. Alimpungia Mjomba mkono. Mjomba akavuta kiti, akaketi karibu naye, Ajamu akainama katikati yao kutafsiri, nami nikasimama nyuma na chupa.

Bibi alinusa bilauri, akasema kwa muda mrefu, macho yake yako mbali.

"Anasema," Ajamu alianza, "inamkumbusha kanisa walilokwenda alipokuwa msichana huko Karolina. Asubuhi ya Krismasi. Watu wamenyeshewa, makoti yao ya sufu yanakauka karibu na jiko. Na kila mtoto amepewa chungwa moja, wamekatazwa kulimenya hadi ibada imalizike."

Mjomba alikuwa amefumba macho.

"Lakini mmoja amemenya," alisema.

Ajamu akamuuliza. Bibi akacheka, akajigusa kifua kwa kidole.

"Muulize jiko lilikuwa la kuni au la makaa."

"La kuni, anasema. Za msonobari."

"Msonobari." Mjomba alivuta pumzi kwa pua, polepole, kana kwamba kuna njia. "Muulize, makoti mangapi?"

Mbele kule mshereheshaji alikuwa ameshaita mara mbili baba wa bibi harusi aje kukata ndafu. Mbuzi alikuwa ameshafika mezani, amechomwa mzimamzima, majani mdomoni, na Jacqueline anatupungia mkono kwa nguvu. Mjomba aliinua kiganja bila kufumbua macho.

"Mbuzi hana haraka, alishakufa," alisema. "Ajamu, baba, tulikuwa tumefika kwenye makoti."